Nusu ya Diski

Siku hiyo mjinga alikuwa Owino, na mwenyewe hakatai. Ukimuuliza leo atakukubalia kabla hujamaliza swali.

Owino hupiga video za harusi na mazishi huko Nyamache, Kisii. Ni mtu wa ziwani, Homa Bay, lakini Nyamache nzima imepita mbele ya kamera yake; anajua nani alilia kaburini na nani alijifanya. Jioni hufunga studio, hujipikia dagaa wa omena wa mtu mmoja, kisha hufungua faili ileile: marehemu mkewe, Millicent, anasonga ugali huku akiimba wimbo wa kanisani na kuukosea tuni, halafu anageuka, "Zima hiyo kitu, Owino!" Dakika nne. Nyingine hakuna. Mwenye kamera alikuwa kila Jumamosi akipiga picha wake za watu.

Diski ya terabaiti nne aliinunua mjini Ogembo, kwa Joyline mwenye duka la kompyuta. Joyline alitaka kumwelekeza namna ya kuigawa mafungu kwenye Linux, mfumo wa kompyuta yake.

"Madam, mimi nagawa diski tangu wewe uko nasari," Owino akamkata.

Akaenda akaigawa kwa jedwali la zamani, ile orodha inayoiambia kompyuta kila fungu linaanzia na kuishia wapi, kama alivyofunzwa chuoni. Kompyuta ilimwandikia onyo refu, akaliruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Na kwa vile diski yake kuukuu ilishaanza kukohoa, wa kwanza kupelekwa kwenye mpya alikuwa Millicent. Alimhamisha, hakumnakili. Ndipo alipoangalia nafasi: terabaiti mbili tu.

Kesho yake alishuka kwenye boda mbele ya duka la Joyline akiwa ameshaanza ugomvi.

"Umeniuzia nusu diski!"

"Karibu, omogaka," Joyline alimwita kwa heshima ya wazee wa Kisii, ila mdomo ulikuwa unacheka.

"Angalia vizuri," alidakia Manasseh, mmoja wa wateja, aliyekuwa akingoja karatasi zake zichapishwe. "Labda nusu nyingine imebaki kwa boda."

Joyline aliichomeka diski, akatazama, akatikisa kichwa. "Diski ni nzima. Hili jedwali lako la zamani ndilo haliwezi kuhesabu kupita terabaiti mbili. Tuweke jipya, linaitwa GPT, utaiona yote. Lakini kilichoko ndani kitaenda. Kuna kitu?"

Owino aliwatazama wateja. Mwanamume mzima aseme nini mbele za watu, kwamba amebeba mwanamke anayesonga ugali?

"Hakuna kitu. Futa."

Joyline aliandika amri. Skrini ikauliza: data yote itapotea, utaendelea? Kidole chake kilipoelekea kukubali, Owino alishtuka kuona mkono wake mwenyewe umeufunika ule wa Joyline.

"Ngoja. Millicent yuko humo."

"Millicent nani?"

"Mke wangu. Tulimzika mwaka juzi. Ni... ni dakika nne tu."

Manasseh ghafla alipata jambo la kusoma kwenye simu yake. Joyline alikataa lile swali la skrini, akanakili faili kwenye kompyuta yake, akaifungua kuhakikisha. "Zima hiyo kitu, Owino!" ikajaa duka zima. Ilikuwa mara ya kwanza Owino kuisikia akiwa na watu. Aliinamia viatu vyake mpaka ikaisha.

Kazi iliyobaki haikufika dakika tano: jedwali jipya, fungu moja, terabaiti zote nne, na Millicent akarudishwa ndani. Nakala nyingine Joyline aliitia kwenye flashi, akampa.

Ungedhani Owino atasema asante. Alikunja waya, akakohoa.

"Hata hivyo umejisumbua bure, Madam. Mimi ni mtu wa peke yangu. Hata ile nusu ingenitosha."

Joyline alimwekea diski mkononi.

"Omogaka, mtu wa kutosheka na nusu hapandi boda mpaka Ogembo kuja kugombania nzima."