Kikwembe Mdomoni mwa Turbo

Ndege ya mjukuu wangu Sefu ilizaliwa ndani ya uwanja wangu, hapa mtaani Mangobo, kati ya choo na kamba ya nguo. Mwili ni mabomba ya aluminiamu, panka ya kuisukuma iko nyuma, na motere ni injini ya gari lililopinduka kwenye njia ya Opala. Kwa joto letu ile motere ilikosa pumzi, donc Sefu akaifungia turbo ya lori: konokono la chuma lenye mdomo ubavuni. Moshi unalizungusha, nalo linavuta hewa na kuisukuma kwa nguvu ndani ya motere. Nilielewa mara moja. Ni kama kupepea makala ya jiko: ukizidisha, mboga ya pondu inaungua.

Alhamisi Sefu alikuja jikoni kwangu mimi bibi yake, mikono ya mafuta.

"Koko, kile kifuniko cha turbo cha kupunguza hewa kimekwama. Presha inapanda, haishuki. Motere inaweza kupasuka juu ya maporomoko ya Wagenia."

"Basi usiruke."

"Papa Émile amesha tangaza ku radio: Jumamosi tunaruka."

Papa Émile ni mwenyekiti wa Kamati ya Anga ya mtaa wetu: wajumbe kumi na mmoja, fulana kumi na moja, na hakuna aliyewahi kupanda hata juu ya paa. Nilimwendea.

"Papa Émile, muache mutoto atengeneze kwanza."

"Mama Karima, invités wamesha pata barua! Tutawaambia nini, presha? Hata mimi niko na presha, na kila siku naenda kazi."

Tena akaamuru sanduku la filtre, la kuchuja hewa mdomoni, litolewe, maana lilificha turbo, na wageni wanapenda kitu kinachong'aa.

Jumamosi, hotuba nne. Sefu alikuwa ndani ya kiti chake, kofia ya motard wa pikipiki kichwani, jasho mpaka kidevuni. Akawasha. Turbo ikapiga filimbi. Jirani yangu Mama Angèle akaanzisha wimbo, na sisi wamama tukafungua vikwembe, vile vitenge vya juu, kuvitandika chini, kama tunavyompokea mtu wa heshima. Wenzangu walitandika mbele. Mimi nilipita ubavuni, nikatandika changu juu ya bomba, pale karibu na ule mdomo mtupu.

"Mama, mbali kidogo!" mjumbe mmoja akapiga kelele.

"Naheshimu!" nikamjibu.

Turbo ikashika pembe moja ya kikwembe, kisha ikavuta yadi mbili nzima, na maua yake yote. Motere ikakohoa mara tatu, ikanyamaza.

Papa Émile akarukia mikro. "Mumeona nguvu yake? Imemeza kikwembe ya mama muzima!" Watu wakapiga makofi kuliko siku ya uchaguzi. Kabla ya chakula, Kamati ilikuwa imeshaunda tume ya kuchunguza mavazi ya wamama karibu na ndege.

Sefu alishuka, akachungulia mdomoni mwa turbo.

"Koko, ulifanya makusudi?"

"Mimi? Nilisoma mpaka cinquième primaire tu, darasa la tano. Enda kunawa."

Akaniangalia kidogo, akavua ile kofia, akaenda kunawa.