Mstari Uliopinda kwa Ofisi

Kamba ile Efrazia aliisokota mwenyewe kwa katani ya Korogwe, ameketi mbele ya nyumba aliyoachiwa na mumewe, marehemu Habakuki. Alipomkabidhi shemeji yake Kaleb, alimwambia, "Pima utakako, lakini mwinuko huu uniachie."

"Shemeji, hata usingesema," Kaleb alijibu. "Kaka amelala hapo nyuma. Nitakuwa mtu wa namna gani?"

Kaleb aliwahi kuwashikia wapimaji mnyororo wa kupimia kwenye mashamba ya mkonge. Ndiyo maana mwaka ule wa sabini na nne, watu wa Kang'ata walipoamriwa kukusanyika kijiji kimoja, alipewa yeye kazi ya kupanga viwanja. Wengi walisita. Efrazia akapita kwa wanawake wenzake akiwatuliza: anayepima ni mtoto wa nyumbani. Wakamwamini.

Nyumba yake ilikuwa msonge. Kabla ya kuijenga, Habakuki alikaa masika nzima akitazama maji yanapita wapi na upepo unatoka wapi. Kisha akachomeka kigingi kimoja katikati, akafunga kamba, akazunguka. Mlango aliuelekeza bondeni, kisogo kikapokea dhoruba. Maji yakifika ukutani yaligawanyika, yakaenda zake.

Vigingi vya Kaleb vilinyooka kama mkonge shambani, vikaupita mwinuko kwa mbali kidogo. Nyumba ya Efrazia ikabaki nje ya mstari, na nje ya mstari haikuruhusiwa nyumba.

"Pinda kidogo tu," alimsihi.

"Mstari haupindi, shemeji. Ukipinda kwako, kila mtu atataka upinde kwake."

"Na neno lako?"

Kaleb aliangalia vigingi vyake. Kesho yake mgambo waliezua paa.

Nyumba mpya ilikuwa ya pembe nne, mlango umetazama upepo. Mvua za kwanza zilituama kwenye kona, udongo ukamong'onyoka. Jirani yake Mwatumu alikuja akacheka kwa uchungu: "Mama, ulituambia mtoto wa nyumbani. Mbona katujengea bwawa?"

Efrazia alichukua jembe, wakachimba mfereji pamoja.

Baada ya mavuno, vigingi vya ofisi ya kijiji vikaanza kuchomekwa. Efrazia alikuwa akitoka kisimani alipoona barabara mpya ikinyooka hadi kwa Mwatumu, kisha inakata kushoto na kupanda. Aliifuata, ndoo kichwani. Ilimfikisha kwenye mwinuko wake. Kamba yake mwenyewe ilikuwa imenyooshwa juu ya sakafu ya msonge wake uliobomolewa, na kona moja ya msingi imelala juu ya kaburi.

"Shikamoo, shemeji," Kaleb alisema haraka.

Hakuitikia. Alitua ndoo. "Kumbe unapinda."

"Hapa pana upepo, maji hayatuami. Wakubwa wamepapenda."

"Nani aliwaonyesha?"

Wajenzi waliacha kuchimba. Kaleb alifuta jasho. "Kaka tutamhamisha kwa heshima zote."

"Uliyajua haya yote ulipokuwa unaniezulia."

Efrazia aling'oa kigingi cha kona, akakichomeka kichwani mwa kaburi. Akafunga kamba, akaivuta, akazunguka polepole huku akichora duara kwa kisigino, kama alivyomwona Habakuki akifanya. Kisha akaketi ndani yake.

"Shemeji, toka. Unanitia aibu mbele ya watu."

"Pinda tena. Umeshajua namna ya kupinda."

Jua lilipowaka sana, Mwatumu alikuja na wanawake wengine, wakaketi pamoja naye. Mwishowe Kaleb alichora upya. Ukuta wa upande ule ukaingia ndani kwa upinde, ukilizunguka kaburi.

Siku ya ufunguzi mgeni kutoka wilayani aliupapasa ukuta ule. "Huu ndio ujenzi," alisema. "Jengo linaisikiliza ardhi yake. Nani alibuni?"

Kaleb alisogea mbele. "Ni mimi, ndugu. Niliona mahali penyewe panataka hivyo."

Watu walipiga makofi. Efrazia alikuwa nyuma kabisa. Aliichukua kamba yake iliyoachwa pale, akateremka bondeni, akafika kisimani, akaifunga kwenye ndoo. Tangu siku hiyo, kila Kaleb alipomwamkia, Efrazia alimwitikia kama mtu anavyomwitikia mpita njia.