Mstari wa Bun-nyeo

Ijumaa ile zamu ya ibada ya nyumbani ilikuwa ya Bun-nyeo, na mimi ndiye niliyekataa tuiahirishe. Mumewe, Man-sik, alilala chumba cha pili na mashine yake ya hewa ikinguruma, mapafu yameharibiwa na vumbi la makaa ya mawe aliyochimba migodini hapa Cheoram miaka ishirini na sita. Nilidhani nyumba ikijaa watu, huzuni itakosa pa kukaa.

Tukaketi sakafuni, viazi vya kuchemsha katikati. Mimi kiongozi wa kikundi ndiye mshika daftari. Kila mmoja hutaja shukrani yake ya wiki, naandika, na jioni ileile napeleka kanisani zichapwe kwenye karatasi ya Jumapili. Shemasi Ok-ja alishukuru goti limepona. Ikafika zamu ya mwenye nyumba.

"Mimi niruke, dada," akasema Bun-nyeo.

"Harukwi mtu hapa. Taja hata dogo. Si umeamka salama?"

"Sijalala, nitaamkaje?"

Ok-ja akacheka, kisha akainamia kiazi chake, akakimenya kama anakitafutia mwiba.

"Man-sik mwenyewe angependa ushukuru," nikashikilia.

"Man-sik anapenda hewa." Akanimiminia chai ya shayiri. "Nikidanganya, Mungu atanisikia. Acha mstari wangu mtupu."

Sikuuacha. Kupeleka daftari lenye pengo niliona aibu. Kanisani wangesema kikundi changu kimepoa kiimani. Njiani nikamjazia mstari wake: Shemasi Bun-nyeo anamshukuru Mungu, mumewe anapumua vizuri.

Alfajiri ya Jumamosi Man-sik akafa.

Nilishinda ukumbi wa msiba nikigawa supu ya nyama na kupokea wageni, na karatasi ikanitoka kabisa akilini. Jumapili, baada ya ibada, kanisa zima likaja kutoa pole. Ok-ja akatoa karatasi yake ya Jumapili kwenye Biblia, akaiweka mezani bila kuisoma. Bun-nyeo, na nguo zake nyeusi za msiba, akaichukua.

Akasoma. Akarudia.

"Nani kasema haya?"

"Mimi," nikasema.

"Kalamu."

Nikampa. Akafuta mstari wangu, akaandika chini yake polepole, akanirudishia.

"Soma. Kwa sauti, kama unavyopenda yasomwe."

Nikasoma: "Alipumua kwa shida mpaka Jumamosi alfajiri. Mkono wake ulikuwa ndani ya wangu, na haukuwa peke yake. Hilo nashukuru. Mengine sijayashukuru, na Mungu anajua."

Kwenye neno mkono sauti ilinikatika, nikaanza upya. Hakuna aliyeitikia amina. Bun-nyeo akaitikia mwenyewe, kwa sauti ndogo, akarudi kupiga magoti kando ya picha ya mumewe.

Supu yangu ilikuwa imeganda mafuta juu. Niliila hivyohivyo, yote.