Suti ya Mwalimu Anyelwisye

Mwalimu Anyelwisye alipeleka kitambaa cha kijivu kwa Damari, fundi cherehani wa Mafinga, siku ya Jumanne. Alikuwa anastaafu, na shule ilikuwa imemwandalia sherehe ya kumuaga.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Koti lisinibane kwapani."

Hakumtambua mwanafunzi wake wa zamani. Damari alimpima. Kwa miaka saba mwalimu huyu alikuwa akipuliza filimbi, na darasa zima likipiga magoti na kunyoosha viganja kungoja fimbo. Aliyelia aliongezewa. Hadi leo filimbi ikilia, hata ya trafiki barabarani, magoti ya Damari hujikunja na viganja hufunguka. Hakulia hata siku alipomzika mama yake. Watu walisema ana roho ngumu, ndivyo alivyozaliwa. Mumewe naye alisema hivyo hivyo alipofungasha nguo zake.

Suti aliishona kwa siku mbili, kisha akaifundisha kwa wiki tatu. Kila asubuhi aliitundika ukutani, akapuliza filimbi, akajiinua kutoka magotini, akaichapa kwa rula ya mbao. Wiki ya kwanza ilining'inia tu. Ya pili, mikono ya koti ikaanza kutetemeka. Ya tatu, filimbi ilipolia, suruali ilipiga magoti na koti likanyoosha mikono. Akaipiga pasi.

"Imekwisha?" aliuliza Apolonia, fundi mwenzake aliyeshona naye kwenye kibaraza kimoja.

"Imeelewa," alisema Damari.

Siku ya sherehe uwanja wa shule ulijaa wanafunzi wa zamani. Mwalimu, akiwa amevaa suti ile, alisimama kushukuru, akasema hakuwahi kumwonea mtoto wa mtu. Damari, aliyekaa nyuma, alimwacha amalize sentensi hiyo. Kisha akatoa filimbi mkobani, akapuliza.

Suti ilimpigisha mwalimu magoti mbele ya mgeni rasmi, ikamnyoosha mikono, viganja juu. Alijaribu kuinuka, kitambaa kikamkatalia. Damari, naye tayari akiwa chini, alisikia raha ambayo hakuwahi kuionja.

Halafu akasikia viti vya plastiki vikisogea. Diwani, muuza mbao, nesi, mchungaji, wote waliosoma pale walikuwa wamepiga magoti kwenye vumbi, viganja wazi. Mgeni rasmi aliangalia saa yake.

Mwalimu aliwatazama pale pale alipopiga magoti.

"Nyoosheni vizuri," alisema.

Wakanyoosha. Damari naye.