Karatasi Kumi na Mbili za Mkutubi

Mkutubi wa shule aliwahi kuchoshwa na walimu, lakini si kama mwaka huu. Kila alipowapendekezea riwaya ya watoto walimjibu hawana muda wa kusoma, awaandikie tu muhtasari. Naye kwa kimbelembele chake akaitoa kafara likizo nzima, akaandika mihtasari ya riwaya zote kumi na mbili za darasa la tano, ukurasa mzima kila mmoja, mwisho wa hadithi ukiwemo. Alidhani walimu wakionja utamu wa riwaya hizo watazipigia debe kwa watoto.

Leo mchana binti mmoja wa darasa hilo, ambaye wenzake walimbandika jina la Kimya, aliingia maktaba akaweka kitabu mezani. Mkutubi alifurahi mno. Kimya hakuwahi kumaliza kitabu tangu aanze shule, na wiki mbili hizi alikisoma hiki hata akitembea, mpaka akajigonga mlangoni.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Nimefika ukurasa wa sitini na moja."

"Sasa mbona unarudisha?"

"Mwalimu ameandika ubaoni. Bibi anakufa, halafu nyumba inauzwa."

Mkutubi alitoka mbio. Darasani alimkuta mwalimu akijipangusa chaki, na ubao umejaa maneno ya muhtasari wake, neno kwa neno.

"Dada, umenitua mzigo!" mwalimu alisema kwa furaha. "Wamenakili yote. Mtihani ukija hawababaiki."

"Lakini kitabu chenyewe hawajasoma!"

"Wasome cha nini tena, na kila kitu kipo hapa?"

"Basi nirudishie hizo karatasi nyingine."

"Umechelewa, nimeshazitoa nakala. Kesho asubuhi nagawa zote kumi na moja, kila mtoto na zake."

Mkutubi alitaka kumpa vipande vyake pale pale mbele ya watoto, lakini angeanzia wapi, na karatasi ameziandika kwa mkono wake? Akarudi maktaba akijilaani.

Kimya alikuwa bado amesimama mbele ya rafu.

"Mama, nipe kingine. Ambacho sijui mwisho wake."

Mkutubi akachomoa kilichokuwa chembamba kuliko vyote, akampa kwa mikono miwili.

"Unaweza kukimaliza leo?"

Kimya alikifungua, akatazama kurasa, akatikisa kichwa.

"Mimi nasoma polepole."