Mstari wa Goli la Kusini

Chokaa ilikuwa inakwisha. Pudensiana akalitikisa kopo la maziwa lenye matundu chini, akarudi hatua moja, akatikisa tena, na mstari wa goli la kusini ukaendelea kujichora mbele yake. Hapo ndipo Mwalimu Sylvanus, mlezi wa michezo wa chuo, alipomfikia amevaa tai. Mtu akivaa tai Jumamosi hapa Kawajense, ujue ana jambo.

"Kocha, za kazi?"

"Njema, Mwalimu. Usikanyage hapo, utaniharibia."

Sylvanus akaruka kando. "Kamati ya ufundi imekaa jana."

"Imekaa? Na mbuzi wa nani kaliwa?"

Kila mtu mjini anaijua hiyo kamati, na anajua ufundi wake hauhusiani na kupiga pasi. Ndiyo inayoamua timu iingie kinyumenyume, ipite kwenye tundu la uzio badala ya geti, na kipa asimpe mtu mkono tangu asubuhi. Safari hii ilikuwa imeamua kubwa zaidi.

"Wazee wanasema fainali ya mwaka jana uliwatangulia wachezaji, ukavuka mstari wa goli. Mwanamke. Tukafungwa." Akakohoa. "Kwa hiyo leo utakaa ofisini kwangu, kuna feni. Mipango utampigia nahodha."

"Ngusa atacheza na simu kwenye soksi?"

"Dada Puda, mimi natumwa tu. Ukikataa, kesho usije. Mkuu wa chuo ameshakubali."

"Mwaka jana tulifungwa kwa sababu mlinipachikia beki, mpwa wa mjumbe wenu, muda wote anatazama mashabiki kama mchumba wake kafika. Halafu huu mstari anauchora nani, Mwalimu? Kila mechi navuka mimi wa kwanza, nimeinama, na kopo mkononi. Hilo wazee hawajaliota?"

Sylvanus akaukwepa mstari, akaondoka.

Pudensiana alianzia mpira kijijini Kabungu, golini, ambako kaka zake walimweka wakidhani atachoka kupigwa mashuti. Hakuchoka. Alicheza mpaka goti likagoma, akapanda basi kwenda kusomea ukocha Tabora goti likiwa bado na bandeji. Siku ya kwanza hapa chuoni kijana mmoja alimuuliza, "Kocha, leo unapika nini?" Akawakimbiza wote hadi uwanja wa ndege na kurudi. Waliporudi ndimi nje, akawaambia, "Nimepika hicho." Mume alikuja katikati ya ligi moja, akachoka kuwa mchezaji wa akiba, akaondoka. Timu ikabaki.

"We Pudensiana!" Ni Vénérande, muuza chapati, sauti imepita juu ya uzio kabla yake. "Eti umefukuzwa?"

"Nani kasema?"

"Bodaboda wote wanajua! Huko sokoni wanasema umeshapakia na godoro!"

"Waambie godoro nalilalia bado."

Watu wakacheka, maana uwanja ulishajaa. Wapinzani wa leo, timu ya Inyonga, walikuwa wamefika na ngoma zao, wanapasha misuli.

Alipoingia darasani wanakovalia jezi, vijana wakaacha kuvaa, wakamgeukia. Habari ilimtangulia.

"Nyie mmesikia," alisema. "Mimi napita getini. Navuka mstari, naenda kukaa kwenye benchi langu. Anayetaka tundu la uzio apite, sitamnunia. Ila atakapomaliza kuingia kinyumenyume, atageuka anikute nimekaa."

Ngusa alikuwa anakaza kamba za njumu. "Kocha, tukifungwa watasema ni wewe."

"Watasema. Lini walinyamaza?"

"Na sisi tukikufuata, wazee watatulaani."

"Mchezaji anayeogopa wazee kuliko mshambuliaji wa Inyonga, simwambii kitu." Akalichukua kopo lake tupu, akatoka.

Geti linatazamana na mgongo wa goli la kusini. Wazee wa kamati walikuwa wamesimama pale na makoti yao katika jua lote lile, Sylvanus nyuma yao.

"Mwanangu," mmoja akasema, "rudi. Usituharibie."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Rudi."

"Nimeshasalimia, mzee. Nipishe."

Hawakumgusa. Ngoma za Inyonga zikakatika, hata Vénérande akasahau kuuza chapati. Pudensiana akalizunguka goli. Mstari ule angeweza kuuruka. Akaukanyaga kwa raba zote mbili, akasimama juu yake akiitazama nguzo ya pili, kama mtu anayekagua kazi yake. Kisha akaenda.

Nyuma yake, kwenye saruji ya geti, akasikia njumu. Jozi moja, ikasita. Halafu nyingine.

Hakugeuka kuhesabu. Alitembea kuelekea benchi, na kila alipokanyaga, udongo mwekundu ukabaki na alama nyeupe.