Msiba wa Bi Mastura

Bi Mastura wa Rahaleo, mjini Mtwara, tulimuua mimi na jirani yangu Mwanaisha, tukiwa tunamenya mihogo. Hakuteseka, kwa kuwa hakuwahi kuwepo.

Ilikuwa mwaka mmoja baada ya Wazungu kushindwa na mashamba yao makubwa ya karanga huku kusini. Mimba yangu ya pili ilikuwa na miezi minne, na miguu ilishaanza kuvimba kama mara ya kwanza, kwa yule mtoto aliyetoka bila kulia tukamzika nyuma ya mikorosho. Nilimwomba mume wangu Rashidi ruhusa ya kwenda Mtwara kupimwa. Akasema mke wake hatashikwashikwa tumbo na watu asiowajua, tena mimba haitembezwi barabarani ikaonwa na wenye kijicho. Nilikasirika mpaka mboga ikaungua.

"Ruhusa ya hospitali hupati, Somoe," Mwanaisha aliniambia. "Lakini mwanamume gani hapa Mpapura atamkataza mkewe kwenda msibani?"

Hakuna. Basi Bi Mastura, shangazi yake mama, akafariki siku ya Jumatatu, na Rashidi mwenyewe akanitafutia nafasi kwenye lori la korosho. Kule kliniki nesi Mgeni alinibonyeza miguu, akanipa vidonge vya damu, akaniambia nirudi kila mwezi, la sivyo nitazika tena. Mwezi wa pili tukafanya arobaini ya marehemu. Wa tatu akafa dada yake. Wa nne akafuata mume wa dada, kwa majonzi.

"Ukoo huu unateketea," Rashidi alisema, na machozi yanamlengalenga. Mwezi wa tano, nilipomletea habari ya kifo kingine, akavaa kanzu, akajaza makopa ya muhogo kwenye kapu, akapanda lori pamoja nami akatoe pole. Sikumzuia. Mtu hakatazwi kwenda msibani.

Nilimpeleka moja kwa moja kwenye kibaraza cha kliniki, ambako wanawake kama kumi na matumbo yao walikuwa wamebanana kwenye mabenchi. Akatazama huku na huku, kapu begani.

"Maiti yuko wapi?" akaninong'oneza.

Nikajishika tumbo. "Hajafa bado. Ndiyo maana nakuja."

Wale wanawake waliangua kicheko bila adabu. Rashidi alikawia kuelewa.

"Na Bi Mastura?"

"Hayupo. Hajawahi kuwepo."

"Nimemsomea Yasini mara tatu."

"Nikienda kuzika unanitafutia lori, Rashidi. Nikitaka tusizike, unaninyima ruhusa."

Nesi Mgeni akaita jina langu. Rashidi akatua kapu, akauliza kama mume naye anaweza kuingia.

"Huruhusiwi," nesi akamjibu.

Akaketi kwenye benchi katikati ya matumbo mawili makubwa. Nilipogeuka mlangoni nilimwona amefungua viganja, anasoma Yasini ya nne.